Mpima Njaa wa Serikali

Mwaka ule tulikula shina la mgomba. Sisemi ndizi, wajukuu zangu. Ndizi zilikwisha kabla ya Pasaka. Nasema shina lenyewe, kile kiazi kilicho ardhini, tulichokichimba kwa jembe, tukakikatakata, tukakianika, tukakitwanga, na ukikisonga kinatoa ugali mweusi unaoganda kwenye meno kama lami. Mtoto akila analala, kisha anaamka na njaa ileile aliyolala nayo. Ukimwuliza mtu wa rika langu huku Meru amezaliwa lini, hatakutajia tarehe. Atakuambia alizaliwa kabla ya shina la mgomba, au baada yake, au mwaka wa unga wa njano, ule uliokuja kwa meli, wanaume wakausingizia kwamba unawamaliza nguvu. Wakaukataa. Sisi wanawake tukala fungu lao na tukanenepa.

Basi mwaka huo wa shina la mgomba ndio nilioingia kazi ya serikali. Mwingereza anatutawala, vita ile kubwa ya pili imepamba moto, na mume wangu wamemchukua wakampa bunduki na viatu, vyote viwili kwa mara ya kwanza.

Naandika haya kwa sababu ya mmoja wenu. Simtaji, ataona haya. Krismasi iliyopita alisimama mbele ya ukoo mzima, tai shingoni, akasema yeye sasa ni mtaalamu wa sera za usalama wa uchumi wa taifa. Watu wakapiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Nikamwuliza, "Baba, unafanya nini kutwa nzima?" Akasema, "Bibi, tunatazama kama nchi ina chakula cha kutosha, na kama adui akifunga njia, watu wataishije." Nikamwambia kaa chini, mwanangu, ule pilau. Kazi hiyo niliifanya mimi, pekupeku, bila tai, na nikafukuzwa kwa ajili ya dari la mwanamke mmoja wa Kikwe. Yeye akafikiri natania. Sasa asome.

Ghala la chakula la serikali lilikuwa mjini Arusha, karibu na stesheni ya gari moshi. Mabati juu, mabati ubavuni, na joto la mchana ungeweza kuoka ndizi humo ndani. Niliajiriwa kufagia. Wanaume waliikataa kazi ile kwa kuwa ufagio ni wa mwanamke, ingawa walikuwa hawana kazi nyingine na matumbo yao yalikuwa yanaimba.

Mkubwa wa ghala alikuwa karani mmoja Mwislamu, Bwana Sefu, ambaye wazee wake walitoka Pangani. Kanzu nyeupe katikati ya vumbi la mahindi, na wala haikuchafuka, sijui kwa dawa gani. Aliona watu wa mlimani wote ni washamba, na hakulificha hilo.

Siku moja nafagia kando ya rundo la magunia, nikasimama. Nikamwita.

"Bwana Sefu, gunia hili linaumwa."

"Gunia linaumwa? We mwanamke, jua limekupiga?"

"Weka mkono hapa katikati."

Akakunja mkono wa kanzu, akauingiza baina ya magunia, akautoa haraka kama aliyeguswa na siafu. "Lahaula," akasema. "Lina homa."

Tulipolifungua, mahindi yalikuwa yameshikana, yana ukungu wa kijani kama kinyesi cha ndama. Na rundo zima lilikuwa hivyo. Kesho yake Bwana Sefu alininyang'anya ufagio, akanipa bambo. Wengi wenu hamlijui. Ni chuma chenye ncha na mfereji. Unalichoma gunia ubavuni, punje zinateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani, nawe unaona kilichomo bila kufungua kamba. "Kuanzia leo," akasema, "wewe ndiye daktari wa magunia. Ukiniua mgonjwa, nakurudisha kwenye ufagio."

Nami nikajifunza. Punje unaiuma kwa jino la nyuma: ikilia ta! imekauka; ikikubali jino kimyakimya, mrudishie mwenyewe na umsalimie. Mahindi mazima yananuka vumbi tamu. Yaliyoanza kuoza yananuka kama kitambaa cha kuchujia maziwa kilichosahauliwa nyuma ya mlango. Na ukitega sikio kwenye gunia lenye fukusi utawasikia wanavyonong'ona, kama wanawake kanisani mahubiri yakiwa marefu. Siku hizi mna vimashine vya kupima unyevu. Sawa. Betri ikiisha, meno mnayo.

Msidhani sikukosea. Alikuja mfanyabiashara mmoja na lori lake kutoka tambarare, akanitazama na bambo langu, akasema, "Mama Anasia, mimi nimepita maghala mengi, sijaona jicho kama lako." Basi kichwa kikanivimba kama andazi. Nikachoma magunia ya juu, nikachoma ya pembeni, huku nacheka naye, nikasema pitisha. Mahindi yale yalipelekwa Tengeru, kwenye kambi ya wale Wazungu maskini waliokimbia vita kwao. Wapishi wakayarudisha siku ya pili. Magunia ya katikati yalikuwa yamelowa maji.

Bwana Sefu hakunigombeza. Alichagua gunia moja lililooza kuliko yote, akaliweka uani, akaweka kigoda kando yake. "Hapo ndipo utakapokula chakula chako cha mchana, siku tatu," akasema. "Kula taratibu." Nikala siku tatu na harufu ile puani. Hadi leo, mtu akinisifu kabla sijaanza kazi, nasikia harufu ya gunia lile. Nawashauri nyie wa ofisini mtafute gunia kama hilo, mliweke karibu na meza zenu.

Sasa ndipo akaja mtaalamu.

Mzungu mrefu, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata, soksi zimefika magotini. Jina lake lilikuwa gumu. Sisi tulimwita Bwana Makisio, maana kila ukimwuliza jambo alianza, "Makisio yangu ni haya." Alikuwa ametumwa aandike kitabu cha serikali: adui akifunga bahari, jimbo letu litaishije, chakula kipo kiasi gani, na kiko wapi. "Usalama," alikuwa akisema, mkono kifuani, kama anasali.

Mwanzoni hakuja kwangu. Angekuja kwa mwanamke wa ghalani afuate nini? Alienda Tengeru akaitisha baraza la wanaume.

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo nyie mnaoishi nyumba za matofali hamlijui. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na dari juu ya jiko, na mahindi yalikaa humo yakila moshi ili fukusi wasiyaguse. Dari lile lilikuwa la mke. Mume halipandi wala hachungulii. Mwanamume aliyeonekana kwenye ngazi ya dari aliitwa paka, na jina hilo alizikwa nalo. Kwa hiyo mwanamume wa Kimeru alijua ana ng'ombe wangapi, alijua migomba yake na mipaka yake. Mahindi aliyonayo hakuyajua hata kidogo.

Lakini nani atasimama mbele ya Mzungu, na mshili, yule mkubwa wa kitongoji, yuko pale, na majirani wote wamekaa, aseme sijui kilichomo ndani ya nyumba yangu?

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekwenda na Bwana Sefu kuchukua magunia, nikasimama na wanawake wenzangu kwenye migomba nyuma ya baraza.

Bwana Makisio akauliza wa kwanza. "Wewe, mahindi ngapi nyumbani?"

Yule mtu akatazama juu, akakuna kidevu. "Madebe manne, Bwana."

Wa pili alikuwa na ugomvi naye wa mpaka tangu enzi za baba zao. "Mimi sita," akasema, huku anamtazama mwenzake.

"Sita kweli?"

"Sita yaliyojaa. Mwenzangu huyu pengine anahesabu yasiyojaa."

Wa tatu akasema manane. Wa nne akasema tisa na mtama. Ilipofika kwa Mzee Lazaro, aliyekuwa mzee wa kanisa, mtu asiyesema uongo hata wa kununulia ng'ombe, akasimama kwa fimbo yake, akakohoa, akasema, "Kumi na mawili. Bila ya mbegu."

Mkewe alikuwa kando yangu. Alikuwa na nusu debe. Akajiziba mdomo kwa kaniki, mabega yakitikisika, sikujua analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. "Huyu mzee," akaninong'oneza, "leo jioni atakula hayo kumi na mawili."

Bwana Makisio aliandika mpaka jasho la furaha likamtoka. Kitabu kikasema Wameru wana chakula kuzidi mahitaji yao. Ikatoka amri: kila nyumba itoe madebe matatu, yawe akiba ya usalama. Matarishi, wale wajumbe wa serikali, wakaja na magunia matupu. Wale wanaume wa baraza, wenye manane na kumi na mawili, wakatazama vidole vyao vya miguu, na wanawake wakateremsha kilichokuwepo.

Mvua ilikuwa imegoma, hilo si kosa la mtu. Lakini nawaambia, shina la mgomba tulilila miezi miwili kwa ajili ya mvua. Miezi minne iliyofuata tulilila kwa ajili ya kitabu.

Ndipo Bwana Makisio akaja ghalani, uso umemshuka. "Mimi hapana fahamu," akamwambia Bwana Sefu. "Kitabu nasema iko mahindi. Kwa nini watu nakula mgomba?"

Nikasema, "Basi wapewe kitabu wakipike."

Bwana Sefu alinifinya mkono mpaka alama ikabaki wiki nzima. Lakini Bwana Makisio akageuka, akaniuliza nimesema nini, na kwa kuwa nilikuwa nimekwishafinywa nikaona niseme yote. Nikamwambia, "Bwana, uliwauliza wanaume. Mwanamume hajui kilicho darini. Ulikuwa unawapima majivuno, na hayo wanayo ya kutosha jimbo zima."

Akawa mwekundu kuanzia kola. Akakaa juu ya gunia, akavua kofia. Namsifu kwa hilo moja: hakunifukuza. Aliniuliza, "Wewe unaweza kupanda?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtaalamu.

Nyumba ya kwanza niliyopanda ilikuwa ya Mama Naftali kule Kikwe, mjane, watoto wanne. Alinipokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Umetumwa na nani?"

"Na serikali, dada."

"Basi ipande yenyewe. Ngazi ile pale."

"Serikali ni nzito, itavunja ngazi."

Hakucheka. "Walichukua mara ya kwanza kwa midomo ya wanaume," akasema. "Sasa wamekuja kwa macho yako?"

Nikamweleza. Nitahesabu, lakini nitataja kijiji, sitataja nyumba. Serikali ikijua Kikwe ina njaa, italeta unga Kikwe. Haina haja ya kujua nani kafunga mkanda na nani kalegeza. Kisha akanitemea mate kifuani, kama wazee wetu walivyofunga neno kati ya watu wawili, akasogea kando ya ngazi.

Juu nilikuta mahindi yamefungwa kwa maganda yake, mafungu mafungu, meusi kwa masizi. Machache, lakini mazuri kuliko yote niliyopata kuyashika ghalani. Nikachungulia chini. "Mama Naftali, hii ni mbegu?"

"Ni mbegu."

Watoto wanne walikuwa wamekaa kuzunguka jiko chini yangu, wanakula kile kitu cheusi cha mgomba. Hawakuinua hata macho kutazama juu. Walikuwa wamekwishafundishwa kwamba kilicho juu hakiliwi.

Kuanzia siku ile nilifanya hivi. Nilibeba kibuyu na maharage. Nyumba yenye mahindi darini, hata kama ni ya mbegu tu, natia harage jekundu. Isiyokuwa nayo, jeupe. Nikitoka kijijini natikisa kibuyu. Nikifika boma, kwenye ofisi za serikali, namwaga mezani kwa Bwana Makisio, anahesabu mekundu na meupe, anaandika. Harage halina jina. Hata yeye aliona ni jambo la akili. Katika kitabu chake cha pili aliliita njia ya kisayansi, na sikusikia kwamba aliandika sayansi ile ilitoka kwa mwanamke gani.

Nikawa mjuzi wa njaa. Nikifika kijiji cha watu nawatazama kuku kwanza. Kuku wakimfuata mgeni, hawajatupiwa punje siku nyingi. Nyumba inayotoa moshi saa kumi jioni tu inapika mara moja. Arusi bila mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ukoo mzima umeishiwa. Dari lisilo na panya ni tupu, usisumbuke hata kupanda. Na mama anayekukaribisha chakula kwa sauti kubwa mno hana kitu. Mwenye nacho anakukaribisha polepole, anaogopa utakubali.

Unga ukaanza kwenda mahali palipostahili. Sijisifu. Najisifu kidogo.

Wakubwa wakamwandikia Bwana Makisio barua ya pongezi. Akapandishwa cheo, akaongezewa gari na dereva. Mimi nikapewa blanketi la jeshi. Lilikuwa na tundu moja, katikati, la kutoshea kichwa. Nikalivaa hivyo hivyo wakati wa baridi, na nilikuwa maridadi kuliko yeye.

Nimeruka jambo la Sakina, nalo siwezi kuliacha. Kabla ya mambo ya madari kuisha, waliniweka miezi michache kwenye kizuizi cha barabara ya Nairobi pale Sakina, siku hizo miti na vumbi tu. Mahindi hayakuruhusiwa kuvuka kwenda Kenya bila kibali, maana huko bei ilikuwa nzuri zaidi. Mimi na bambo langu tukakagua magunia ya malori, Bwana Makisio akitazama.

Asubuhi moja wakapita wanawake kumi na mmoja kwa miguu, kaniki zimefungwa juu, matumbo mbele kama ngoma. Mmoja akanikonyeza. Mwingine tumbo lake lilikuwa na kona.

Bwana Makisio akashangaa. "Wanawake mingi namna hii iko mimba?"

"Mingi, Bwana."

"Yote karibu zaa?"

"Karibu sana. Wakifika kwenye lori lile pale mbele watajifungua."

Bwana Sefu alikuwa nasi siku hiyo. Aliinuka ghafla akaenda nyuma ya mti, nikamsikia anakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Bwana Makisio akatoa daftari lake, akaandika kwamba uzazi wilayani unaongezeka haraka, na serikali ijiandae. Mtaniuliza, Bibi, ulikuwa mtumishi wa serikali, mbona ulinyamaza? Kazi niliyopewa ilikuwa kuchoma magunia. Tumbo la mtu sichomi bambo.

Basi ikafika siku niliyowaahidi.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, mawingu yameanza kukaa juu ya Meru, watu wanatengeneza mashamba. Tarishi akaja ghalani, nikaitwa boma. Nikakuta Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, amekaa mezani. Bwana Makisio kando yake, soksi zilezile. Mshili wa kwetu kwenye benchi, na Bwana Sefu amesimama ukutani, maana walimleta aandike.

Bwana Makisio alianza kwa tabasamu. Jeshi linahitaji mahindi, akasema. Akiba ya ghala imepungua. Hesabu ya maharage inaonyesha kwamba ziko nyumba zenye ziada. "Maharage mekundu," akasema. "Sasa sisi nataka jua mekundu iko nyumba gani. Majina tu."

"Bwana, tulikubaliana harage halina jina."

"Harage hapana. Lakini wewe iko kichwa."

Hilo kweli. Kichwani nilikuwa nazo nyumba zote, Kikwe mpaka Tengeru, ngazi kwa ngazi. Niliijua ya Mama Naftali kama jiko langu mwenyewe, maana yeye nilimtilia jekundu: kwa yale mafungu machache aliyoyanyima midomo ya wanawe ili apande.

Nikauliza, "Na mbegu je?"

Bwana Shauri ndiye aliyejibu. Kiswahili chake kilikuwa safi, jambo lililonitisha zaidi. "Mbegu ni mahindi, Mama. Na mahindi ni chakula."

Nikamtazama mtu huyu anayetawala wilaya nzima ya wakulima. Nikatamani Bwana Sefu amwekee kigoda kando ya lile gunia.

"Wakila mbegu leo, Bwana, mwakani utahesabu nini?"

"Mwakani ni mwakani. Kuna vita."

Mshili akaingilia, kwa Kimeru, ili wasielewe. "Mama Anasia, taja nyumba chache tu tumalize. Taja hata za watu usiowapenda."

"Nitaanza na ya kwako," nikamwambia. Akarudi kwenye benchi lake.

Ndipo Bwana Shauri akafungua droo, akatoa karatasi. Akaisukuma mezani. "Binti yako Anasia ana miaka minane," akasema. "Hii ni nafasi yake katika shule ya bweni ya wasichana. Gharama ni juu ya serikali. Na wewe utaandikwa kazi ya kudumu, na pensheni. Hakuna mwanamke mwingine wa Kimeru mwenye nafasi kama hii."

Wajukuu zangu, mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu. Nilipoacha shule nililia siku mbili nikiwa nimeshika mti. Karatasi ile niliweza kuisoma, polepole, herufi kwa herufi, na jina la mwanangu lilikuwa limeandikwa kwa wino mweusi, zuri kabisa. Niliweka kidole juu yake. Sitawadanganya kwamba sikuweka.

Bwana Sefu aliacha kuandika. Alikuwa anatazama sakafu.

Nikatoa kidole. Nikasema, "Njaa ya kijiji nitakuambia, Bwana. Dari la mwenzangu sikuambii."

Kabla sijawamalizia, niwaambie yaliyofuata, msije mkadhani Bibi alishinda vita. Nilifukuzwa siku ileile. Bambo nililiacha kwenye meza ya ghala. Bwana Sefu alilifuta kwa kanzu yake, akalitundika, na hiyo ndiyo mara pekee nilipoiona kanzu ile imechafuka. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mama yenu Anasia hakwenda shule ile. Alilima na mimi. Alipokuwa mkubwa akajua, akanilaumu miaka mingi, wakati mwingine mbele ya watu, na alikuwa na haki. Nyie mlisoma. Yeye hakusoma. Mkipiga makofi Krismasi, mpigieni na yeye.

Matarishi walitumwa hata hivyo, bila orodha, wakawaulize tena wanaume. Ila safari hii wanaume wetu walikuwa wamekula mgomba miezi sita, na mgomba unafundisha. Mzee Lazaro alisimama kwa fimbo yake, akakohoa, akasema mbele ya mshili na kila mtu, "Sijui. Muulizeni mke wangu." Na wa pili akasema hajui, na yule mwenye ugomvi naye akasema yeye ndiye hajui zaidi. Wanawake nao, wakiulizwa, waliwaonyesha matarishi ngazi, na hakuna tarishi aliyetaka kuitwa paka. Magunia yalirudi boma mengi yakiwa matupu kama yalivyotoka. Mvua ikanyesha. Mama Naftali akapanda, akawagawia majirani zake mbegu. Kitabu cha tatu cha Bwana Makisio sikukisikia.

Lakini hayo yote siku ile sikuyajua. Siku ile nilijua karatasi tu, na jina la mwanangu juu yake.

Basi turudi mezani kwa Bwana Shauri. Nje lori lilikuwa linakataa kuwaka. Bwana Makisio akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli, "Mama Anasia, mimi naomba. Fikiri."

"Nimefikiri, Bwana."

Bwana Shauri akainuka. Akaichukua ile karatasi, akaishika kwa vidole viwili mbele yangu, ili nione vizuri.

"Nakuuliza mara ya mwisho," akasema. "Mtoto wako asome au alime? Majina ya nyumba, Mama. Tunaandika."

Bwana Sefu akachovya kalamu katika wino, akangoja. Nikasimama wima, nikavuta kaniki yangu begani.

"Njaa ya kijiji nitakuambia, Bwana. Dari la mwenzangu sikuambii."